Nani Aliyekuwa Akiusoma Ukuta?

Sijapata kukutana na msomaji wa Shamba la Wanyama asiye na maoni. Vipo vitabu ambavyo mtu huvimaliza, akavifunga, akasema ni vizuri, basi. Hiki sicho kimojawapo. Aliyekisoma hata nusu yake atakuambia nguruwe ni nani, na mara nyingi atashusha sauti kwanza.

Kitabu chenyewe ni kifupi. Mtu anaweza kukimaliza kwa siku moja ya mvua. Mwandishi wake, Mwingereza George Orwell, ambaye jina lake la kuzaliwa lilikuwa Eric Blair, alikitoa London mwezi wa Agosti 1945. Fortunatus Kawegere alikitafsiri kwa Kiswahili, nacho kikachapishwa Nairobi na East African Publishing House mwaka 1967. Kwa faida ya asiyekijua: wanyama wa shamba moja la Uingereza wanamfukuza mwenye shamba mlevi, wanaamua kujitawala, na wanaandika amri saba kwenye ukuta wa ghala. Nguruwe, kwa kuwa ndio werevu, wanashika uongozi. Miaka inapita. Nguruwe wanahamia katika nyumba ya bwana, wanalala vitandani, wanakunywa pombe, wanaua wenzao, na mwishoni wanatembea kwa miguu miwili. Kila wanapovunja amri, maneno ya ukutani hubadilika kimyakimya ili yalingane na jambo lililokwisha kutendwa. Majina ya wanyama nitayaacha kama yalivyo katika Kiingereza.

Nakala yangu ilizunguka miaka mingi katika milima ya Uluguru, nilikokuwa mwalimu na baadaye mwalimu mkuu wa shule ya msingi. Ilifika Mgeta, Matombo na Kinole, ikashuka Morogoro mjini, ikarudi bila jalada. Kila aliyeirudisha nilimwuliza ameionaje hadithi, na majibu yalitofautiana mno. Nataka kuyapima maoni hayo hapa, kwa sababu karibu yote hujibu swali moja tu: nguruwe ni nani? Mimi naona kitabu kinauliza swali jingine lililo gumu zaidi: nani aliyekuwa akiusoma ukuta?

Maoni ya kwanza ni ya wajuzi wa historia, hasa walimu wa sekondari. Hao husema kwamba hii ni habari ya Urusi. Napoleon, nguruwe anayetawala kwa mbwa, ni Stalin. Snowball, nguruwe anayefukuzwa na kusingiziwa kila baya, ni Trotsky. Maasi ya wanyama ni mapinduzi ya mwaka 1917. Haya ni kweli, na mwandishi mwenyewe hakuyaficha. Lakini ufunguo ukishafungua mlango, kazi yake imekwisha. Mtu hakai kizingitini akiutazama ufunguo. Mkulima asiyepata kumsikia Trotsky alinirudishia kitabu hiki akiwa amekielewa vizuri kuliko baadhi ya waliokariri majina yote hayo kwa ajili ya mtihani.

Maoni ya pili ni kwamba kitabu kinapinga ujamaa. Ajabu ni kwamba maoni haya yanashikwa na watu wa pande mbili zisizopatana. Mzee mmoja, mtumishi wa chama wa siku nyingi, aliniambia kuwa kitabu cha namna hii hakifai kukaa katika kabati la shule. Mfanyabiashara mmoja wa mjini, katika miaka ya 1990, alikisifu kwa sababu ileile iliyomfanya mzee akichukie. Wote wawili walikuwa hawajauliza mwandishi alikuwa mtu wa namna gani. Orwell alikuwa mjamaa. Alikwenda Hispania mwishoni mwa mwaka 1936, akabeba bunduki upande wa jamhuri, na mwaka 1937 risasi ikampita shingoni. Alikufa Januari 1950 akiwa bado anajiita mjamaa. Alichokipinga ni watu wanaoutumia usawa kama ngazi ya kupandia, kisha wakaivuta ngazi juu.

Historia ya kitabu inathibitisha hayo. Mwaka 1944 wachapishaji kadhaa wa London walikikataa, mmoja wao akiwa mshairi T. S. Eliot, aliyekuwa katika kampuni ya Faber. Wakati ule Urusi ilikuwa mshirika wa Uingereza katika vita dhidi ya Hitler, na wengi hawakutaka kumuudhi rafiki. Miaka kumi baadaye upepo ukageuka. Mwaka 1954 ilitoka filamu ya katuni ya hadithi hii, iliyogharamiwa kwa siri na shirika la ujasusi la Marekani, CIA, na mwisho wa hadithi ukabadilishwa ili wanyama wainuke tena na kuwashinda nguruwe. Waliotangulia walikiogopa, waliofuata wakakikata mkia. Kitabu kinachosumbua pande zote mbili namna hiyo hakiwezi kuwa kimeandikwa kwa kumtumikia mmoja wao.

Maoni ya tatu ndiyo yanayosemwa kwa sauti ya chini: kwamba hii ni habari yetu. Wenye maoni haya hawakosi ushahidi. Tafsiri ya Kawegere ilitoka mwaka uleule wa Azimio la Arusha, lililotangazwa tarehe 5 Februari 1967. Azimio lilikuwa na masharti ya uongozi: kiongozi wa TANU au wa Serikali asiwe na hisa katika kampuni, asiwe mkurugenzi katika kampuni ya kibepari, asipokee mishahara miwili au zaidi, asiwe na nyumba ya kupangisha. Masharti hayo yalikuwa machache, na yalikuwa wazi kama amri za ukutani. Mwaka 1991 Halmashauri Kuu ya Taifa ya CCM ilikaa Zanzibar na kuyalegeza, na watu wakauita uamuzi ule Azimio la Zanzibar. Toka hapo aliyekatazwa kupangisha nyumba akaruhusiwa, na aliyekatazwa mshahara wa pili akaruhusiwa. Msomaji aliyeyaona hayo kwa macho yake akifika pale amri ya vitanda inapoongezewa maneno machache, atakiweka kitabu chini kidogo, atazame nje.

Pamoja na hayo, sikubali kwamba mambo haya mawili yanafanana kabisa. Wale wanaofurahia mfanano huwa hawaitazami tofauti, na tofauti ndiyo inayonikosesha usingizi. Azimio la Arusha halikuwa limeandikwa mahali pamoja ukutani. Lilichapwa katika vijitabu, likasomwa redioni, likafundishwa darasani na vyuoni. Mabadiliko ya mwaka 1991 hayakufanywa usiku kwa brashi na rangi. Yalifanywa na kikao chenye wajumbe. Mwalimu Nyerere mwenyewe alikuwa hai, naye alilalamika hadharani jinsi Azimio lake lilivyoachwa. Zaidi ya yote, sisi tulikuwa tunajua kusoma. Mwaka 1967 karibu theluthi mbili ya watu wazima nchini hawakujua kusoma na kuandika. Mwaka 1970 ukatangazwa kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Walimu tukafundisha watoto asubuhi na wazazi wao alasiri, chini ya miembe na katika maghala ya vijiji. Kufikia mwaka 1986 hesabu ya Serikali ilionyesha kwamba wasiojua kusoma walibaki chini ya asilimia kumi.

Basi nauliza: mwaka 1991, katika nchi ambayo watu wazima tisa katika kila kumi walihesabiwa kuwa wanajua kusoma, ni wangapi waliokitoa kijitabu cha Azimio sandukuni wakalinganisha maneno? Kuku wa Orwell wana udhuru, kwa kuwa hawakuvuka herufi A. Ndiyo maana sioni raha anaponijia mtu na kuniambia, kwa kicheko, kwamba tumekuwa kama shamba la wanyama. Mlinganisho huo hautuondolei lawama, unatuongezea.

Maoni ya nne ni ya wazee wa milimani, nayo nayapenda kuliko yote. Hawa hawakujishughulisha sana na nguruwe. Walimtazama Boxer, yule farasi mwenye nguvu na moyo safi, ambaye kila jambo likiharibika yeye huamua kuamka mapema zaidi na kuvuta mawe mengi zaidi. Mzee mmoja wa upande wa Matombo, baada ya kusomewa na mjukuu wake, alisema maneno machache tu: “Huyu farasi hakuwa Mluguru.”

Kauli hiyo ina historia ndani yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ilileta mpango wa kuokoa udongo wa milima ya Uluguru. Watu walilazimishwa kuchimba matuta ya ngazi kwenye miteremko yao, kwa vipimo na kwa faini. Kazi ilikuwa nzito, na mahali pengi udongo wenye rutuba ulifukiwa, ule mbaya ukaletwa juu, mazao yakadhoofu. Wataalamu walikuwa na vitabu; wakulima walikuwa na mahindi yaliyonyauka. Mwaka 1955 watu walikusanyika Matombo kukataa, ghasia zikazuka, polisi wakafyatua risasi na mtu mmoja akauawa. Mpango ukafa. Kwa hiyo mzee yule alipouona ule ujenzi wa kinu cha upepo, unaojengwa, ukaanguka, ukajengwa tena kwa jasho la wanyama, hakuwaonea huruma tu. Aliwashangaa. Alitaka kujua kwa nini hakuna aliyeuliza kinu kile kingesaga unga wa nani.

Wa mjini walikiona kinu kile kwa macho mengine. Morogoro ilipata kuwa mji wa viwanda, na kimojawapo kilikuwa kiwanda cha viatu, kilichojengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia kwa matumaini ya kuuza viatu vingi Ulaya. Hakikupata kufikia hata sehemu ndogo ya uwezo wake, na mwaka 1990 kilifungwa. Viwanda vingine vikafuata njia ya kufungwa au kuuzwa, na wafanyakazi wakapunguzwa. Mmoja wao, aliyekuwa fundi mitambo kwa miaka mingi, alikaa na kitabu changu miezi miwili. Aliporudisha aliniambia kwamba alisoma mpaka pale Boxer anapopakiwa katika gari, akashindwa kuendelea, akakiweka wiki nzima. Hakusema neno juu ya Stalin wala juu ya Azimio. Kwake kitabu kizima kilikuwa lile gari.

Maoni ya tano ni ya watoto, na hapa pana jambo ambalo wahakiki wa Ulaya hawawezi kulijua. Mtoto wa kwetu huingia katika hadithi ya wanyama akiwa tayari na mahali pake pa kukaa: hukaa upande wa Sungura. Katika ngano zetu mwerevu ni mdogo na mnyonge, na mwenye nguvu ni mjinga. Sungura akimdanganya Simba au Fisi sisi hucheka, hatuulizi kama amesema kweli. Mtoto aliyelelewa hivyo anapokutana na Squealer, nguruwe mwenye ulimi mtamu anayeweza kuifanya nyeusi iwe nyeupe, mwanzoni humfurahia. Wanafunzi wangu wa darasa la saba walicheka kwa dhati alipoeleza kwa nini maziwa na matofaa yote yaliwe na nguruwe kwa faida ya wengine. Kicheko kilipungua kidogo kidogo, kurasa zikienda. Msichana mmoja akauliza: “Mwalimu, kwani Sungura akipata ufalme anakuwaje?” Sijui kama Orwell alipata kuulizwa swali zuri kama lile. Ngano zetu humwacha Sungura anapoponyoka. Hazimfuati mpaka ikulu.

Lipo na suala la nguruwe mwenyewe. Kwa Mwingereza, nguruwe ni mnyama wa kawaida wa shambani, tena hujulikana kwa akili. Kwa Mwislamu wa Morogoro ni haramu, na kwa mkulima yeyote aliyelinda muhogo usiku, ndugu yake wa porini ni adui. Kwa hiyo wasomaji wetu wengi wanamchukia nguruwe tangu ukurasa wa kwanza, kabla hajafanya kosa lolote. Hapo hadithi inapoteza kitu. Mwandishi alitaka tuwaamini nguruwe kwanza, kama wanyama walivyowaamini, ili tuumie baadaye. Nimeona kwamba wasomaji wa Mgeta, ambako wapo wanaofuga nguruwe na wanajua akili zao, huumia zaidi mwishoni kuliko wale waliowashuku toka mwanzo. Mtu anayedhani mwovu hutambulikana kwa sura yake hajifunzi kitu katika kitabu hiki.

Maoni ya sita ni ya vijana: kwamba kitabu kinakatisha tamaa. Wanasema kila juhudi inaishia palepale, basi afadhali kutojaribu. Vijana hawa nawaheshimu, kwa kuwa wanakichukua kitabu kama jambo la maisha yao. Lakini nawaambia waanze upya, na safari hii wasiwatazame nguruwe. Wawatazame wasomaji.

Orwell aliwagawa wanyama wake kwa kusoma, kama mwalimu anavyopanga darasa. Nguruwe wanasoma na kuandika barabara. Mbwa wanasoma vya kutosha, lakini hawataki kusoma kitu chochote isipokuwa zile amri saba. Muriel, mbuzi, anasoma vizuri kuliko mbwa, na jioni huwasomea wenzake vipande vya magazeti anavyookota jalalani. Clover, farasi jike, anazijua herufi zote lakini hawezi kuziunganisha ziwe neno. Boxer haendi mbali kuliko D. Mollie, yule farasi mpenda utepe, amejifunza herufi za jina lake tu, hataki nyingine. Kondoo wameshindwa hata kuzikariri amri, wakafupishiwa zote kuwa kauli moja ya kupigia kelele. Na Benjamin, punda, anasoma sawasawa na nguruwe yeyote, ila hasomi, kwa sababu anaona hakuna cha maana cha kusoma.

Ukishika orodha hiyo, hadithi inabadilika mbele yako. Amri inapobadilishwa, Clover anahisi kwamba haikuwa hivyo. Anakwenda kwa Muriel kusomewa, Muriel anasoma kilichopo, na Clover anakubali kwamba labda yeye ndiye aliyesahau. Kumbukumbu yake ilikuwa sahihi. Kilichomshinda ni kuithibitisha. Kuna usiku ambapo Squealer anakutwa chini ya ule ukuta, ngazi imevunjika, kando yake pana taa, brashi na kopo la rangi nyeupe. Wanyama hawaelewi. Benjamin peke yake anaelewa, na anatikisa kichwa kwa kujua, na hasemi neno.

Hapa ndipo ninapogombana na mwandishi. Orwell anauonyesha ujinga wa wanyama kana kwamba wamezaliwa nao. Kuku hawavuki A kwa sababu ni kuku. Nguruwe wanaunda kamati za kila namna, lakini katika shamba lile zima sioni mnyama mmoja aliyekaa na Clover jioni tatu akamwonyesha jinsi herufi zinavyoshikana. Mimi nimefundisha kisomo cha watu wazima, na najua kwamba mtu asiyejua kusoma hajazaliwa hivyo, hajafundishwa. Katika darasa langu alikuwamo mama mmoja, mkulima wa kahawa, ambaye kwa miezi mingi hakuweza kutofautisha herufi mbili. Alipozishika hatimaye, kitu cha kwanza alichokisoma nje ya darasa kilikuwa stakabadhi ya mizani. Kilo zilizoandikwa zilikuwa pungufu ya zile karani alizozitaja kwa sauti. Alirudi pale na stakabadhi mkononi, akiwa na wanawake wengine watatu nyuma yake, na kilo zake zikaandikwa upya. Mama yule angekuwa katika shamba la Orwell angekuwa kuku. Kwetu alikuwa mwanafunzi wa alasiri.

Kwa hiyo nasema kitabu kina upungufu: kinajua madhara ya kutojua kusoma, hakijui kwamba ujinga huo huondoka. Lakini katika jambo moja kinatushinda sote, nalo ni Benjamin.

Siku gari lile linapokuja kumchukua Boxer, aliyeanguka kwa kazi, wanyama wako shambani wakipalilia. Benjamin anakuja mbio, na ni mara ya kwanza kuonekana akikimbia. Wenzake wanalizunguka gari wakimuaga Boxer kwa furaha, maana wameambiwa anapelekwa hospitali. Muriel anaanza kuunganisha herufi zilizoandikwa ubavuni mwa gari. Benjamin anamsukuma kando na kusoma mwenyewe, kwa sauti, mbele ya wote. Ni gari la mchinjaji wa farasi. Punda anasoma vizuri, bila kukosea hata neno. Anasoma wakati mlango umekwisha fungwa.

Wasomaji wengi wanamwona Benjamin kuwa mwenye hekima, kwa sababu hakudanganyika. Walimu hasa humpenda. Mimi simpendi. Kondoo alipiga kelele asiyoielewa, na Boxer alivuta jiwe kwa imani. Punda peke yake aliona brashi na rangi akajua maana yake. Elimu aliyoificha ilimfaa nani? Haikumfaa hata rafiki yake mmoja aliyempenda.

Fasihi yetu inaye ndugu wa Benjamin aliyefanya kinyume. Shaaban Robert, katika Kusadikika, kitabu kilichotoka mwaka 1951 wakati bado tunatawaliwa, alimweka Karama kizimbani mbele ya mfalme. Kosa lake ni kufundisha watu sheria. Mshtaki wake, Majivuno, ni waziri. Karama angeweza kunyamaza kama punda. Badala yake anasema siku baada ya siku, anawataja wajumbe waliotumwa nje kutafuta mema ya nchi, wakaishia kifungoni waliporudi, na mwishowe mfalme anamsikia na wafungwa wanafunguliwa. Wako wanaosema huo ni mwisho wa kuota, na kwamba Orwell anaijua dunia zaidi. Huenda. Lakini tazama wakati. Karama anasema mlango ungali wazi, na hiyo ndiyo tofauti yake na Benjamin. Sijui ni nani kati ya waandishi hawa wawili aliye mkweli zaidi juu ya wafalme. Juu ya wajibu wa mtu aliyesoma, nafuatana na Shaaban Robert.

Tena, tukiwa makini, tutaona Orwell anakubaliana naye kwa njia ya mzunguko. Katika barua aliyomwandikia rafiki yake wa Marekani baada ya kitabu kutoka, alieleza kwamba mahali hadithi inapogeuka si pale mbwa wanapotokea, wala pale damu inapomwagika. Ni pale nguruwe wanapojiwekea maziwa na matofaa. Hilo linatokea mapema sana, kitabu kikiwa bado na furaha ya mavuno. Siku ile hapakuwa na mbwa wa kumwogopa mtu. Aliyeuliza angejibiwa tu. Baadaye gharama ya kuuliza ilipanda, kila sura ikiongeza kidogo, mpaka ikawa uhai.

Wanaoulizia nguruwe ni nani hungoja mtu mkubwa, mwenye magari na walinzi, ili wamnyoshee kidole. Maziwa hayaanzii kwa mtu mkubwa. Yanaanzia katika ghala la shule, kwenye mizani ya mazao, katika daftari la mchango wa zahanati. Mkutano mkuu wa kijiji unapaswa kukaa kila baada ya miezi mitatu na kusomewa mapato na matumizi, na hesabu hizo hubandikwa kwenye ubao wa matangazo. Nimepita katika ofisi za vijiji vingi, tangu Kinole hadi Mgeta, nikaona karatasi hizo, nyingine mpya, nyingine zimepauka kwa jua. Anayesimama kuisoma karatasi ile hatasifiwa na mtu. Pengine ataulizwa anatafuta nini. Hata hivyo namwomba kila msomaji wa Shamba la Wanyama, kabla ya kuniambia nguruwe ni nani, aniambie kwanza karatasi ya kijiji chake inasema nini mwezi huu, na mara ya mwisho ilisemaje.